Ghazali, Mawardi, Ibn Khaldun, Shatibi: tuanze na nani barazani?

Mfereji wa tatu wa msikiti wetu uliibiwa usiku wa kuamkia Ijumaa. Tulipofika alfajiri maji yalikuwa yakijimwagia ukutani, hapo pa kutawadhia pamegeuka dimbwi, na mzee mmoja amekunja kanzu hadi magotini akiziba tundu kwa kipande cha mti na kitambaa. Kabla ya adhana ya Ijumaa vijana wakamleta mwizi. Tunamjua tangu alipokuwa akija chuoni na juzuu yake kwapani. Sasa ni teja, miguu imevimba, na mfereji ungali mfukoni kwa sababu mnunuzi wa vyuma kuukuu alikuwa hajafungua duka. Walikwisha kuanza kumpiga. Maalim akatoka mbio, kilemba mkononi, akawauliza: "Mmeanza ngazi ya ngapi?"

Hakuna aliyemwelewa. Baada ya Isha, barazani kwetu Kibokoni, Mombasa, muuza kahawa akimimina kutoka kwenye dele lake, Maalim akafafanua: Imam Ghazali ameipanga kazi ya kukataza maovu katika ngazi nane, na sisi tuliruka sita tukaangukia ya saba. Ami mmoja, mstaafu wa bandarini, akasema Ghazali ni dawa ya moyo wa mtu mmoja, ila ugonjwa wa mji huu ameueleza Ibn Khaldun. Mwengine, aliyewahi kuwa karani mahakamani, akamtaja Mawardi. Kijana aliyerudi juzi kutoka masomoni Sudan akasema hao wote ni wa zamani mno, tusome Shatibi na makusudio ya sheria. (Shatibi naye ni wa karne ya 14, lakini tulimwacha amalize kahawa yake.)

Tukakubaliana kuanzisha darsa, usiku mmoja kila wiki, kitabu kimoja mpaka kiishe au kituishe sisi. Kazi ya kuvisoma vyote na kuleta jibu nikatwikwa mimi. Kampuni ya kutoa mizigo niliyokuwa karani wake imefunga ofisi yake ya Mombasa, kwa hiyo wakati ninao, hata kuliko ninavyoutaka. Nimekaa navyo miezi minne. Sikuvipima kwa utukufu wa waandishi, maana huo haupimiki na mtu kama mimi. Nilivipima kwa mambo yanayotukera hapa, moja moja, nione kipi kinasema neno la kumfaa mtu wa Kibokoni, Majengo au Kisauni.

Wenyewe kwa ufupi

Mawardi alizaliwa Basra, akafia Baghdad mwaka 1058. Jina lake linatokana na biashara ya marashi ya waridi, hivyo pua ya mtu wa Mombasa inapaswa kumpenda kabla ya jicho. Alikuwa kadhi mkubwa katika zama ambazo khalifa amebaki na jina na nguvu wanayo maamiri wa Kibuwayhi, na kitabu chake cha hukumu za utawala kina milango 20: ukhalifa, uwaziri, ukadhi, zaka, kharaji (kodi ya ardhi), hadi mlango wa mwisho ambao ni wa hisba, yaani usimamizi wa soko na mji.

Ghazali alizaliwa Tus mwaka huohuo 1058. Mwaka 1091 alikabidhiwa kiti cha madrasa ya Nidhamiya, Baghdad. Mwaka 1095 ulimi ukamfunga katikati ya kusomesha, akaacha cheo na mshahara akaondoka. Ihya, kitabu chake kikubwa, ina vitabu 40 katika robo nne: ibada, desturi za maisha, yanayoangamiza na yanayookoa. Alifariki mwaka 1111. Mwambao wetu unamjua zamani, kwani masharifu wa Kialawi waliotoka Hadhramaut walikuja na mapenzi ya kitabu hicho.

Ibn Khaldun ni wa Tunis, 1332. Tauni ya miaka ya 1348 na 1349 iliwachukua wazazi wake. Alitumikia masultani, akafungwa, akaachiwa, na mwaka 1377 akakamilisha kitabu chake Muqaddima katika ngome iliyo Aljeria ya leo. Baadaye akawa kadhi wa Kimaliki Cairo, na mwaka 1401 akakutana na Timur, mtekaji wa miji kutoka Asia ya Kati, nje ya Damascus. Akafa 1406.

Shatibi ni wa Granada, aliyefariki mwaka 1388. Muwafaqat yake ni kitabu cha misingi ya sheria: sheria ilikuja kulinda nini, na lipi ni la dharura, lipi la haja, lipi la kupamba tu.

Mfereji na teja

Hapa Ghazali hana mpinzani, na nitakaa kidogo.

Katika kitabu cha 19 cha Ihya anapanga hivi. Kwanza ujue kwamba ovu lipo, bila kupeleleza. Kisha umweleze mtu, kwa maana huenda hajui. Kisha umpe mawaidha, umwogopeshe Mungu. Kisha maneno makali. Kisha uondoe ovu kwa mkono, kama kumwaga pombe. Kisha vitisho. Kisha kipigo. Ya nane ni silaha na wasaidizi. Na kabla ya ngazi yenyewe ameweka masharti: ovu liwepo sasa hivi, liwe wazi, na liwe ovu ambalo halihitaji ijtihadi, yaani juhudi ya mwanachuoni, kulijua. Anayekataza naye awe na elimu, uchamungu na tabia njema. Anasisitiza sana hilo la tabia, kwa sababu hasira ikipanda, elimu na uchamungu peke yake havimzuii mtu.

Tukairudia Ijumaa yetu polepole. Ovu lilikuwa lipi, wizi wa mfereji au unga? Ikiwa ni wizi, ulikwisha kutendeka na kijana alikwisha kukamatwa, kwa hiyo kilichobaki ni hukumu, na hukumu si ya baraza. Ikiwa ni unga, nani katika sisi amewahi kukaa naye hata mara moja akamweleza kitu asichokijua? Mmoja wa waliompiga alinyamaza muda mrefu, kisha akasema: "Mimi nilisoma naye chuo kimoja. Sijamwamkia mwaka wa tatu huu." Tulikuwa hatujakanyaga hata ngazi ya pili.

Mahali pengine katika Ihya, kwenye kitabu cha elimu, Ghazali analalamika kwamba miji mingi haina tabibu isipokuwa asiye Mwislamu, na bado watu wanasongamana kwenye fiqhi, hasa ya mabishano, huku utabibu nao ni faradhi ya kutoshelezana. Mtaa wetu una walimu wa tajwidi watano, Mungu awazidishie. Mtu aliyesomea kumshauri mraibu hatuna hata mmoja. Dawa ya methadoni, ya kumsaidia mraibu aache unga, inatolewa Kisauni, ng'ambo tu ya daraja la Nyali, na bado familia nyingi humsafirisha kijana mbali kwa tabibu wa kombe na kuzinguliwa, kwa gharama kubwa kuliko nauli ya matatu ya mwezi mzima.

Lakini Ghazali ana tundu, na ni tundu la hatari kwa mji huu. Kwenye ile ngazi ya nane anataja hitilafu, je, watu wa kawaida wanaweza kukusanya wasaidizi wenye silaha bila idhini ya mtawala, naye anaelemea upande wa kuruhusu. Kwa heshima zote, hapo namwacha. Mombasa tumeyaona makundi yaliyojipa kazi ya kusafisha mtaa kisha yakawa ndiyo uchafu wenyewe.

Tundu hilo analiziba Mawardi. Katika mlango wake wa hisba anaanza kwa kumtenga muhtasibu, yaani msimamizi wa hisba aliyeteuliwa, na mtu anayejitolea, akihesabu tofauti zao moja baada ya nyingine. Muhtasibu anaweza kuchukua wasaidizi, anayejitolea hana ruhusa hiyo. Muhtasibu anaweza kutia adabu kwa maovu ya wazi bila kufikia adhabu kubwa zilizopangwa na sheria, anayejitolea hawezi. Na wote wawili hawapelelezi yaliyositirika. Ukivisoma vitabu hivi kando kwa kando unapata kitu ambacho kimoja peke yake hakikupi: ngazi za mwanzo kutoka kwa Ghazali, na dari kutoka kwa Mawardi.

Ibn Khaldun kwa teja? Atakueleza kwamba anasa na uvivu wa mjini hulegeza watu. Inaweza kuwa kweli, lakini mama wa kijana yule hakuiona hiyo anasa.

Na Shatibi ana dakika yake hapa. Wapo waliouliza kama methadoni si ulevi mwengine tu uliobadilishwa jina. Kwa mizani ya makusudio, sheria inalinda dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Dawa inayonywewa kwa kipimo mbele ya muuguzi, ikamrudishia mtu usingizi, kazi na sala, imelinda karibu vyote vitano. Ghazali mwenyewe alizitaja tano hizo kabla yake, katika kitabu chake Mustasfa. Shatibi ndiye aliyezijengea nyumba nzima.

Treni na makontena

Nikubali kwamba sehemu hii nimeiandika na maumivu yangu.

Treni mpya ya abiria ilianza safari zake kati ya Mombasa na Nairobi tarehe 31 Mei 2017. Ya mizigo ikafuata. Reli ilijengwa kwa mkopo wa China, mkopo unataka kulipwa, na ili ulipwe makontena ya kwenda bara yakaelekezwa kwenye treni, yakakaguliwe na kutolewa Nairobi. Malori yakasimama. Gereji za Changamwe, akina mama wa mikahawa ya Mariakani, matingo, makarani kama mimi, sote tukajua maana ya kukaa. Agizo hilo liliondolewa Septemba 2022, lakini ofisi iliyofungwa haifunguki kwa tangazo.

Wakati ule barazani tulikuwa na maelezo mengi: tunaonewa kwa sababu ni wapwani, tunaonewa kwa sababu ni Waislamu, wakubwa wana hisa. Kisha nikafika kwenye Muqaddima, fungu linalosema biashara ya sultani huwadhuru raia na kuharibu kodi. Hoja yake haina malalamiko, ni hesabu. Raia wana mitaji inayokaribiana, wanashindana mpaka kila mmoja apate kiasi chake. Akiingia sokoni mwenye dola, mtaji wake haulingani na wa yeyote, na juu ya mtaji ana amri. Hununua kwa bei aitakayo, huuza kwa bei aitakayo. Wafanyabiashara hukata tamaa, hula mitaji yao, huacha kazi. Na kwa kuwa kodi kubwa hutoka kwa hao hao, mwenye dola huishia kupoteza zaidi ya alichopata.

Nilifunga kitabu nikatoka kupunga upepo ufukweni Mama Ngina. Mtu aliyekufa mwaka 1406 ameieleza kazi yangu kuliko barua ya kuachishwa niliyopewa.

Fungu jirani linasema mwanzoni mwa dola kodi huwa ndogo na makusanyo makubwa, na mwishoni kodi huwa kubwa na makusanyo madogo. Vijana walioingia barabarani Juni 2024 kupinga mswada wa fedha, Nairobi na hapa kwetu pia, wengi wao hawakuwahi kumsikia, lakini wangemwelewa kwa dakika mbili.

Wengine kwenye jambo hili? Ghazali ana kitabu kizuri cha adabu za uchumi, cha 13: usifiche aibu ya bidhaa, usidanganye kipimo, uwe na hisani kwa mdeni. Kinamfaa sana muuzaji wa Marikiti. Hakisemi chochote kuhusu treni ya serikali. Afadhali kitabu chake cha 14, kinachouliza zawadi za watawala zinahalalika vipi na mtu akae nao umbali gani. Kila msimu wa uchaguzi bahasha zinapoanza kuingia misikitini, kitabu hicho kingesomwa kwa kipaza sauti. Mawardi anaeleza kharaji na jizya (kodi ya wasio Waislamu) kwa ufundi, lakini ni ufundi wa dola ambayo Kenya siyo. Katiba ya 2010 inasema hakuna dini ya dola, na inawapa makadhi, katika kifungu cha 170, ndoa, talaka, urithi na hadhi ya mtu kwa Waislamu waliokubali mahakama hiyo. Anayesoma Mawardi akidhani amepewa ramani ya serikali atapotea njia kabla ya kufika Makupa.

Asabiyya ya panga

Neno asabiyya limekuwa la mtindo. Nimelisikia kwenye hotuba za Ijumaa likiwa na maana ya ukabila tu, jambo la kulaaniwa. Kwa Ibn Khaldun ni nguvu: mshikamano wa watu walio tayari kufa mmoja kwa ajili ya mwengine, kwa damu, kwa kiapo au kwa kulelewa pamoja. Bila hiyo hakuna dola na hakuna hata ulinzi wa kisima. Ikiwa haina dini wala lengo la kuipandisha, hula watu wake.

Nani Mombasa leo ana asabiyya? Mashirika yetu yana katiba, mihuri na wenyekiti wawili wawili wanaoshtakiana. Wenye asabiyya ni vijana wa mapanga wa Kisauni na Likoni: wana jina, wana alama, hulipiza kisasi cha mwenzao usiku huohuo. Tunasema hawana malezi. Ibn Khaldun angesema wana kitu ambacho wazee wao walikuwa nacho kikawaponyoka.

Maana mji huu ulijengwa kwa mapatano ya namna hiyo. Thenashara Taifa, yaani jamii kumi na mbili za Waswahili wa Mombasa, Tisa Taifa na Thelatha Taifa, hawakuwa ukoo mmoja. Kulikuwa na watu wa Mvita, Jomvu, Mtwapa, Pate, Kilindini, Changamwe na wengineo, waliofungana kwa ahadi na kuwa na viongozi wao, masheha na matamimu. Na dola ya Mazrui, ukiiweka juu ya meza ya Ibn Khaldun, inakaa vizuri kwa kutisha. Yeye anaipa dola vizazi vitatu, takriban miaka 120: kizazi cha kujenga, cha kustarehe, cha kusahau. Mazrui walishika Mombasa takriban karne moja, wakagombana wenyewe kwa wenyewe juu ya nani arithi baada ya Salim bin Ahmed, na mwaka 1837 Sayyid Said akaingia Ngomeni. Si mizinga ya Zanzibar peke yake iliyowaangusha.

Sasa upande wa pili wa Ibn Khaldun, ambao wanaompenda huuruka. Katika mlango wa kwanza, anapoeleza hali ya hewa na tabia za watu, anawasema watu weusi wa kusini kwa maneno ya kuwashusha karibu na wanyama, na katika mlango wa pili anadai wao ndio wanaokubali utumwa. Ni kweli kwamba katika mlango huohuo wa kwanza anakataa ile hadithi ya kwamba weusi wa ngozi ni laana ya Ham, mwana wa Nuhu, akasema ni jua tu. Lakini maneno hayo yapo. Katika mji ambao watu waliuzwa, na ambao swali la nani "mwarabu" na nani "mtumwa" bado hunong'onezwa mtu anapoposa, darsa haiwezi kuyapita kimya. Kinachonishangaza zaidi ni hiki: Ibn Battuta alilala Mombasa usiku mmoja mwaka 1331, mwaka mmoja kabla Ibn Khaldun hajazaliwa. Akawasifu watu wake kwa dini na uadilifu, akataja misikiti yao ya mbao iliyojengwa vizuri, na visima milangoni ambamo maji huchotwa kwa chombo cha mti chenye mpini mwembamba, mtu akaosha miguu ndipo aingie. Ibn Khaldun habari za Ibn Battuta alizijua, anamtaja katika kitabu chake. Ukurasa wa Mombasa haukumbadilisha.

Kwa hiyo ukimchukua, mchukue mzima, na mwenye kusomesha awe na uso wa kukisoma kifungu hicho kwa sauti.

Na kuna jambo lake dogo ambalo walimu wa vyuo wangelibandika ukutani. Anasema ukali kwa wanafunzi, hasa wadogo, huwadhuru. Mtoto aliyelelewa kwa kuonewa hujifunza uvivu, uongo na kuonyesha kisicho moyoni mwake ili aepuke mkono. Yule aliyekuwa na juzuu kwapani aliacha chuo akiwa na miaka 11. Mgongo wake tuliuona Ijumaa ile, shati lilipochanika. Alama nyingine hazikuwa za siku hiyo.

Muguka, maji na feri

Nilitarajia Mawardi anichoshe. Milango 19 ya kwanza ilinichosha. Wa 20 niliusoma kwa kituo kimoja nikisahau chai.

Muhtasibu wake si mtu wa kufukuza akina dada barabarani. Anapima mizani ya wauzaji. Anazuia mnyama asibebeshwe asichokiweza. Miundombinu ya maji ya mji ikiharibika, au ukuta ukianguka, au msikiti ukabomoka, na hazina haina pesa, huwaendea wenye uwezo awaamrishe watengeneze. Huwazuia wenye vyombo wasipakie kupita kiasi wakahofiwa kuzama, na wasisafiri upepo ukichafuka.

Isome tena hiyo ya vyombo ukiwa umesimama Likoni saa kumi na moja jioni. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa imejaa kuliko uwezo wake, na watu 272 wakafa. Sheria ya kutopakia kupita kiasi ilikuwa imekaa kwenye vitabu vya Kiislamu karibu miaka elfu moja, na hatukuihesabu kuwa ni dini. Hisba kwetu imebaki kuwa kitambaa cha kichwa na muziki harusini. Nani amewahi kutoa hotuba ya Ijumaa juu ya boya za uokozi?

Muguka, majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, ni mfano wa pili. Mei 2024 gavana wa Mombasa alipiga marufuku kuingizwa na kuuzwa kwake, Kilifi ikafuata. Tulishangilia mitaani. Baada ya siku chache mahakama ya Embu, kule inakolimwa, ikasimamisha amri hizo, na Nairobi ikasema zao hilo linalindwa na sheria ya taifa. Baraza zikajaa hasira. Lakini Mawardi, anayeuliza kila hatua nani ana mamlaka ya jambo gani, angeuliza swali hilo kabla ya amri na si baada. Shatibi angeongeza la kwake, kwamba kitendo hupimwa kwa mwisho wake pia: ukifunga mlango mmoja, kijana atatokea upi? Ibn Khaldun angemtazama mkulima wa Embu, na Ghazali angekuuliza wewe, mwenye duka la pembeni, ulikuwa ukiuza au huuzi.

Mawardi ana kitabu kingine, cha adabu za dunia na dini, ambacho ningependa kijulikane zaidi kwetu. Humo anasema dunia hutengemaa kwa mambo sita: dini inayofuatwa, mtawala mwenye nguvu, uadilifu ulioenea, amani ya wote, neema ya kudumu, na tumaini pana. Hilo la sita lilinikamata. Anasema lau si tumaini, mtu asingejenga asichokikaa wala asingepanda asichokivuna. Ukisikia kijana wa Mji wa Kale anasema hatafuti kitambulisho kwa sababu hakitampa kitu, ujue ni guzo hilo linalolia.

Nani achukue kipi

Kama baraza lenu ni la watu wa kawaida, wasio na cheo, wenye shida ya mtaa, mchukueni Ghazali. Si Ihya nzima, mtafia kwenye robo ya kwanza. Anzeni na kitabu cha 19, kisha 13 na 14. Masheikh wanaoweza kukisomesha Mombasa ni rahisi kuwapata, na lugha yake ina hadithi na mifano, hata mtoto wa darasa la nane akitafsiriwa haimpiti. Ubaya wake ni kwamba atawafanya muone kila tatizo ni la nyoyo, na yapo ambayo ni ya bei na ya sheria.

Kama mmoja wenu ni mwakilishi wa wadi, mdhamini wa wakfu, mjumbe wa kamati ya msikiti au karani wa kaunti, Mawardi, mlango wa 20 peke yake, na kile kitabu kingine kwa wasaa. Wenye wakfu hasa. Nyumba ngapi za wakfu zinavuja huku kodi yake ikilipwa kwa bei ya zamani?

Ibn Khaldun ni wa walimu, waandishi, wanafunzi wa chuo kikuu, na wastaafu wa bandarini wanaotaka kujua nini kiliwapata. Ana milango sita; wa tatu na wa nne ndio wenye moto. Tafsiri za Kiingereza zinapatikana. Hatakupa kazi ya kufanya kesho asubuhi, na ukimsoma peke yake atakupa huzuni yenye fahari ndani yake, ya mtu anayejua kwa nini nyumba inaanguka akabaki kitako. Ami yangu mstaafu hataipenda sentensi hii.

Shatibi bila mwalimu wa usuli, yaani wa misingi ya sheria, hapana. Nimeona maneno "makusudio ya sheria" yakitumiwa kuhalalisha lolote ambalo msemaji alikuwa amekwisha kulitaka, na mwenyewe Shatibi ni mkali sana kwa anayerukia makusudio bila kuzijua dalili. Muulizeni kijana wetu wa Sudan awape vipindi vitatu, basi.

Nilipoyasoma haya barazani nilidhani tutapiga kura. Mji huu si mara ya kwanza kufanya kazi hii. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa gazeti lake la Al-Islah hapahapa mwaka 1932, akiwauliza Waislamu wa mwambao kwa nini wamebaki nyuma, na akaandika kwa Kiswahili ili muuza kahawa naye asikie. Yetu yalimalizika bila kura. Ami akanywa kikombe cha tatu, akasema, "Haya, Ghazali kwanza. Lakini treni mtanisomea kabla sijafa." Tumepanga kuanza Jumatatu na kitabu cha 19, na kila mwezi usiku mmoja ni wa Ibn Khaldun kwa ajili yake.

Yule aliyesoma na kijana chuo kimoja amekwenda naye Kisauni mara mbili. Ya tatu hakumkuta kwao. Mfereji wa nne hatujanunua: tumeweka pipa la maji na kata ya kifuu yenye mpini mrefu, na mpaka sasa hakuna aliyeiona ina bei.